Somo la Mwezi Huu: Hesabu Maji Kabla ya Kuhesabu Miche



Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Si Bwana Shamba. Kazi yangu ni kuandika katika daftari majina ya watu wajao kuchukua miche, na idadi ya miche aliyopewa kila mmoja. Lakini kabla ya kuingia kazi hii nilisomea ualimu, na mwalimu hawezi kuona hesabu isiyotimia akanyamaza.

Katika daftari langu nimeona jambo moja. Majina yale yale hurudi kila mwaka. Mtu huchukua miche 30 mwezi wa Novemba. Mwaka ufuatao huja tena kuchukua 30, na akiulizwa ile ya kwanza iko wapi, husema, "Jua limeimaliza." Si jua peke yake. Mtu huyo alihesabu miche, hakuhesabu maji. Basi katika somo hili tujifunze kupanga boma, yaani ua, ugo, miti ya kivuli, matunda na bustani ya mboga, kwa kadiri ya maji tuliyo nayo.

Nawaandikia hasa watu wa setelmenti zilizo katika nchi kavu, kama vile Makueni, ambako mvua za Oktoba mpaka Desemba ndizo za kutegemewa kuliko zile za Machi mpaka Mei.

KOSA LANGU MWENYEWE

Marehemu baba yangu alichimba kisima karibu na nyumba yetu. Mimi nilipopata shamba kwa urithi nilitaka kivuli na nguzo za kuuza, nikapanda mikaratusi 20, hatua kumi tu kutoka kisimani. Nilichagua mahali hapo kwa sababu palikuwa na unyevu. Miti ilikua upesi, nami nikajisifu.

Mwaka wa saba kamba ya kisima ikaanza kuwa fupi. Mke wangu akaiunga mara ya kwanza, akaiunga tena. Ilipofika Septemba ndoo ikaja juu na tope. Binti yetu akawa akienda mtoni alfajiri kabla ya kwenda shule, na alipofika darasani somo la kwanza lilikuwa limekwisha. Mwalimu wake aliponiita kunieleza, mimi mwalimu wa zamani, sikuwa na la kujibu.

Jirani yetu ni mama mmoja mjane, mwenye shamba dogo kuliko langu na mvua ile ile. Mboga zake zilikuwa mbichi mwezi huo huo wa Septemba. Nikamwendea, nikamwuliza, "Mama, wewe maji unayatoa wapi?" Akacheka, akasema, "Mwanangu, wewe umeandika miche mingi, lakini maji hukuyaandika." Mengi ya somo hili nimejifunza uani kwake.

Mikaratusi niliikata. Visiki vyake vilichipuka, nami nikavunja machipukizi mara kwa mara mpaka vikafa. Kisima kilirudisha maji baada ya misimu miwili ya mvua, ingawa si kama zamani.

JE, MKARATUSI NI MTI MBAYA?

Hapana. Mti huu uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kupata kuni za garimoshi, na hata leo hutupatia nguzo, mbao na kuni kwa upesi. Ubaya ni mahali tunapoupanda. Mizizi yake huenda mbali na huvuta maji mengi. Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliamuru mikaratusi iliyokuwa kando ya mito na chemchemi ikatwe. Basi upande mbali na kisima, mto au chemchemi, usipungue mita 30, wala usiupande karibu na bustani ya mboga.

JINSI YA KUHESABU MAJI YA MVUA

Hesabu hii hata mtoto wa shule ya msingi aweza kuifanya. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya eneo la mita moja mraba huleta maji lita 1. Ukijua hilo, umejua yote.

Tuchukue nyumba ya mabati yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5. Paa lake hupokea mvua ya eneo la mita mraba 40. Ikinyesha mvua moja kubwa ya milimita 25, paa hupokea lita 1,000. Tuseme sehemu moja katika tano yapotea kwa kurukaruka na kuvuja. Zabaki lita 800, nazo ni madebe 40 ya lita 20 kila moja. Hayo ni maji ya mvua moja tu! Ni nani katika nyumba yako awezaye kuchota madebe 40 mtoni kwa siku moja?

Sasa tutazame ua. Ua wa mita 20 kwa mita 20 ni mita mraba 400. Mvua ile ile ya milimita 25 humwaga hapo lita 10,000. Tukisema nusu tu ndiyo inayokimbia, madebe 250 yateremka kwenda korongoni, tena yakichukua udongo wako mzuri.

Baada ya kuhesabu maji, hesabu miche. Mche wa matunda katika mwaka wake wa kwanza wahitaji kama debe moja kwa juma wakati wa kiangazi. Kiangazi cha majuma 20 ni madebe 20 kwa mche mmoja. Miche 10 ni madebe 200, yaani lita 4,000. Mtu mwenye tangi la lita 5,000, ambalo watu wa nyumbani nao wanalinywea, hawezi kutunza miche 30. Afadhali miche 5 iliyo hai kuliko 30 iliyokauka.

KUKAMATA MAJI

1. Maji ya paa. Tia mifereji ya bati chini ya ukingo wa paa, iteremke kidogo kuelekea tangi au pipa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite nje, kwa maana huosha vumbi na mavi ya ndege. Funika tangi, na mahali maji yaingiapo pafungwe kwa wavu mwembamba ili mbu wasizae ndani.

2. Maji ya ua. Ni desturi yetu kufagia ua mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Desturi hii yafaa karibu na nyumba, kwa sababu nyoka huonekana. Lakini ua mgumu haunywi maji. Kwa hiyo upande wa chini wa ua chimba mtaro wa kukingama mteremko, na udongo wake uutupe upande wa juu, kama tufanyavyo katika matuta ya fanya juu mashambani. Matuta hayo yalienea sana Ukambani tangu miaka ya 1950, na jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo vya nchi nyingi. Takataka za ufagio, majani na nyasi, usizichome. Zitandaze chini ya miti.

3. Maji ya kuoga na kufulia. Nyuma ya bafu chimba shimo la upana wa mita moja, ujaze nyasi na samadi, upande mgomba au mpapai. Mimea hii miwili hupenda maji kuliko miembe, kwa hiyo ipewe mahali ambapo maji huja kila siku. Maji ya sabuni usiyamwagie mboga ziliwazo mbichi, wala usiyamwage mahali pamoja siku zote.

KUPANDA MTI KATIKA NCHI KAVU

Chimba shimo mapema, kabla ya mvua, lenye urefu, upana na kina cha sentimita 60. Udongo wa juu weka upande mmoja na ule wa chini upande mwingine. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri, uurudishe kwanza shimoni. Udongo wa chini ufanyie ukingo mfano wa mwezi mchanga, upande wa chini wa mteremko, ili maji yakusanyike penye mche. Panda mvua ikisha kulowanisha ardhi sawasawa, usingoje mwisho wa msimu.

Kisha tandaza nyasi kavu kuzunguka mche, unene wa kiganja. Usiziache ziguse shina, maana mchwa hupandia hapo.

Yule mama jirani yangu alinionyesha na jambo hili. Huchukua chungu cha udongo cha kawaida, kisichopakwa rangi, akakizika kando ya mche mpaka shingoni. Hukijaza maji na kukifunika kwa kigae. Maji hupenya polepole katika udongo wa chungu na kuifikia mizizi, wala jua haliyapati. Yeye hujaza mara mbili kwa juma, nasi tuliokuwa tukimwagilia juu juu kila jioni tulipoteza maji mengi zaidi yake.

MITI NA MIMEA YA KUCHAGUA

Matunda: Mwembe wafaa sana, kwa sababu mizizi yake huenda chini. Chukua mche wa kupandikizwa, utakaoanza kuzaa upesi kuliko ule wa kokwa, na uache nafasi ya mita 8 mpaka 10 kati ya mti na mti. Mkwaju hukua polepole lakini huvumilia ukame mkubwa.

Mbao na kivuli: Mukau, mti wa nchi yetu kavu wenyewe, hutoa mbao nzuri ambazo mchwa hawazipendi, na majani yake hulisha mbuzi wakati wa kiangazi. Mwarobaini na mjohoro nayo hustahimili jua.

Ugo: Mkonge wafaa kwenye kingo za matuta. Mnyaa hufanya ugo mzito usiohitaji kumwagiliwa, lakini maziwa yake huumiza macho vibaya, basi watoto waonywe.

Maua: Si dhambi mkulima kuwa na maua mlangoni. Panda mishubiri na bogenvila, ambazo zikisha kushika hazidai maji. Ukitaka majani ya kufunika ardhi, acha ukoka uote mahali maji ya paa yanapofurika tu.

Mboga: Kunde na mchicha zitangulie. Sukuma wiki utie katika gunia la udongo na samadi karibu na mlango wa jikoni, nayo inyweshwe maji ya kuoshea mboga.

Ninyi mlio katika nchi ya juu yenye baridi, kama Laikipia, msilazimishe mwembe. Kwenu kayaba ni ugo mwema, na mutamaiyu ni mti uliozoea nchi hiyo.

MIMEA YA KUKATAA

Usipande mathenge, hata ukiambiwa haufi kwa jua. Ni kweli haufi, na hilo ndilo jambo la kuogopesha. Uliletwa ili kuzuia jangwa, ukafunga malisho na njia. Mwaka 2006 watu wa Baringo walimpeleka mbuzi asiye na meno mahakamani kuonyesha madhara ya maganda yake, na mwaka 2008 Serikali iliutangaza kuwa gugu baya. Mpungate nao usiupande kuwa ugo. Wafugaji wa Laikipia wanajua jinsi ulivyotambaa katika malisho na miiba yake inavyoumiza mifugo.

MWISHO WA SOMO

Ndugu zangu, shamba la setelmenti ni urithi wa watoto wetu. Lakini mtoto anayetumwa mtoni kila alfajiri tunampa ardhi kwa mkono mmoja na kumnyang'anya shule kwa mkono wa pili. Mimi nilifanya hivyo bila kujua. Wewe sasa umejua. Kabla hujaja ofisini kwetu kuandikwa miche, pima paa lako, pima tangi lako, uje na hesabu katika karatasi. Nitafurahi kuandika miche mitano kando ya jina lako, na mwaka ujao nisilione jina hilo tena.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Paa la mita 6 kwa mita 5 limenyeshewa mvua ya milimita 20. Ukitoa sehemu moja katika tano iliyopotea, umepata madebe mangapi?
2. Kwa nini mgomba hupandwa nyuma ya bafu, na mwembe mbali nalo?
3. Ukingo wa mwezi mchanga huwekwa upande gani wa mche, na kwa sababu gani?
4. Taja mti mmoja ulio karibu na kisima chako au cha jirani. Je, wafaa kukaa hapo?

Jibu la swali la kwanza: madebe 24. Maswali mengine yajibuni nyumbani mkiwa pamoja na watoto, na la nne mlijibu mkiwa mmesimama kisimani.