Tusome Riwaya: Nzuri Tutaijuaje?



Wengi wenu sasa mnasoma barua zenu wenyewe, na vitabu vya kilimo na afya mmevimaliza. Mnatuuliza, tusome nini tena? Leo tunataka mjaribu riwaya. Riwaya ni hadithi ndefu iliyoandikwa, ambayo mwandishi ameitunga mwenyewe. Watu wake hawakuwako, lakini ikiwa nzuri, tunawaona kama majirani.

Si kila riwaya ni nzuri, lakini. Hebu tuchukue mfano. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Inamhusu msichana Rosa na wazazi wake, Zakaria na Regina, wa huko huko Ukerewe. Kwa muda kitabu hiki kilikatazwa mashuleni, maana kinataja wazi mambo ya wanaume na wanawake. Baadaye kiliruhusiwa.

Zakaria ni mlevi. Rosa anapopata barua ya mvulana, baba yake anampiga vibaya sana. Anamchunga asizoeane na mvulana yeyote. Baadaye Rosa anakwenda kusoma mbali. Huko baba hayupo, fimbo haipo. Hajazoea kusema na wanaume, wala hajui akatae vipi. Basi, anaharibikiwa.

Tazameni hapo. Mwandishi hakutuambia tu kwamba Rosa alikuwa msichana mbaya, yakaisha. Kila jambo limezaliwa na jambo lililotangulia. Ukiiondoa ile fimbo, hadithi nzima inaanguka kama nyumba iliyong'olewa nguzo ya kati. Kwetu sisi hiyo ndiyo alama kubwa kuliko zote. Riwaya mbovu nayo ina mambo mengi, tena ya kusisimua: wizi, ajali, uchawi, mapenzi. Lakini yamerundikwa tu kama kuni. Mtu anakufa kwa sababu mwandishi amechoka naye!

Tena watazameni watu wenyewe. Katika hadithi za bibi zetu, sungura ni mjanja tangu mwanzo mpaka mwisho, na fisi ni mlafi siku zote. Ni hadithi tamu, hatuzidharau. Lakini binadamu hayuko hivyo. Zakaria anampiga mwanawe, na huku anadhani anamlinda. Tunamkasirikia, kisha tunakumbuka mtu tunayemjua. Pengine ni sisi wenyewe.

Jioni moja tulikuwa tukisoma kitabu hiki kwa sauti, pamoja na wanakisomo wa kijiji kimoja. Tulipofika pale pa kupigwa, mzee mmoja alisimama. Akasema, "Mwalimu, kifunge hicho kitabu. Kitatuharibia mabinti." Tukanyamaza, maana mzee yule tulimheshimu. Mama mmoja aliyeketi mkekani akamjibu polepole, "Shemeji, huyo Rosa hakuharibiwa na kitabu." Hakuna aliyecheka. Mzee akachukua fimbo yake, akaenda zake.

Tulidhani tumempoteza. Juma la pili alifika kabla yetu, akakaa mbele karibu na taa. Hakusema kama amebadili mawazo, nasi hatukumwuliza. Yeye ndiye aliyetuuliza sisi: "Yule baba, amekwisha kujua alilolifanya?" Tukamwambia bado, tusome.

Lugha nayo ina kazi yake. Sentensi za Kezilahabi ni fupi, na maneno yake mengi ni ya kila siku. Mwandishi anayejaza maneno magumu ili tumwone msomi hutusinzisha, na kosa si letu.

Haya, kazi ya juma hili. Katika kikundi chenu, someni sura moja ya riwaya yoyote mtakayoipata. Kisha funikeni kitabu mwulizane: Jambo hili limetokea kwa sababu gani? Je, lingetokea kama lile la kwanza lisingekuwako? Na huyu mtu, mnamjua mwingine kama yeye? (Jina lake msilitaje!) Asiyesoma vizuri bado asikilize, naye apewe nafasi ya kusema. Mkibishana mpaka taa ikaisha mafuta, malizieni kesho.