Kampuni ya vijana ikija kununua mpunga wetu: mwenye kampuni ni nani, na faida inaenda wapi?

Wanakoperative wa Lubarika, Luvungi, Bwegera, Luberizi na Sange,

Katika namba hii tunaacha kidogo mambo ya mbolea na ya kupalilia, tunashika ulizo moja linalorudi katika mikutano mingi tunayofanya na makomite yenu. Linatokea wakati wa mavuno. Kampuni inafika na gari, inataka kununua mpunga ao muhogo, na wale waliokuja wanasema: "Sisi si kama wafanyabiashara wengine. Kampuni yetu ni ya shirika la vijana, faida inaenda kufundisha vijana kazi." Hapo mkutano unagawanyika. Wamoja wanasema: basi ni ONG, haiwezi kutudanganya, tuwape viloba hata kwa deni. Wengine wanasema: kama ni ONG, juu ya nini wanatuuzia mbegu? Si wangetupatia bure? Mama mmoja alituuliza wazi: "Papa agronome, ile ni ONG ao ni soko?"

Ni soko, ila mwenye soko ni ONG. Na tangu mnapojua hivyo, kuna mambo mengi ya kuuliza mbele ya kupakia kiloba hata kimoja.

Tuanze na sheria, kwa ufupi. Hapa Kongo, shirika la vijana kwa kawaida ni ASBL, ni kusema shirika lisilotafuta faida. Linaongozwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Sheria ile inasema kwamba shirika la namna hiyo halifanyi kazi ya biashara ao ya kiwanda, isipokuwa kama jambo la pembeni, na halitafutii wanamemba wake faida ya mali. Kwa hiyo, kama vijana wanataka kweli kununua tani na tani za mpunga, kuzikoboa na kuzipeleka Bukavu ao Uvira, hiyo haiko tena jambo la pembeni. Inaomba kampuni. Ndiyo maana shirika linafungua SARL kando yake. Tangu nchi yetu iliingia katika OHADA mwaka 2012, SARL inaweza kuwa na mwenye hisa mmoja tu, na huyo mmoja anaweza kuwa shirika. Haina ubaya, na haifanyiki kwa siri. Uingereza, mashirika makubwa ya misaada yanafanya vilevile miaka mingi: kampuni inauzisha, inalipa gharama zake, na faida inapanda kwa shirika.

Lakini shikeni neno hili: ni watu wawili mbele ya sheria. Mmoja anafundisha vijana, mwingine anafanya biashara. Tutarudi juu yake tukifika kwenye madeni, maana hapo ndipo makoperative yanaumia.

Sasa faida. Watu wengi wanafikiri faida ya kampuni ya namna hii inatoka kwa wafadhili. Hapana. Inatoka katika mpunga. Tufanye hesabu ya kufundishia. Bei hizi tumeziweka kwa kuhesabu tu, msiende nazo sokoni. Tuseme kampuni inanunua kilo 10 000 za mpunga kwa franga 900 kwa kilo. Imetoa franga 9 000 000. Mashini nzuri, mpunga uliokauka vizuri, inatoa kilo 62 za mchele katika kilo 100. Basi inapata kilo 6 200, inauzisha kwa franga 2 000, inaingiza 12 400 000. Gari, mafuta ya mashini, viloba, mishahara, kodi na vizuizi vya barabarani, tuseme vyote vinakula 2 400 000. Inabaki franga 1 000 000. Hiyo ndiyo faida, na katika hiyo lazima itoke ya kununua vipande vya mashini mbele ya shirika kupata ya kufundisha vijana.

Sasa mashini ikiwa mbovu ao mpunga ulianikwa vibaya, kilo 100 zinatoa 57 tu. Mchele ni kilo 5 700, franga zinazoingia ni 11 400 000. Hesabuni: faida imekuwa sifuri. Kilo tano kwa mia zimekula masomo yote ya vijana.

Kampuni itafanya nini? Njia nyepesi ni kurudi kwenu na kusema: mavuno haya tunanunua kwa 800. Franga 100 kwa kilo, mara kilo 10 000, ni franga 1 000 000. Faida imerudi, shirika linaandika katika ripoti kwamba biashara imeendelea vizuri, vijana wanasoma. Ila aliyelipa masomo ni mkulima wa Lubarika, na hakuna aliyemshukuru. Mara ingine kijana anayesomeshwa ni mtoto wake mwenyewe, na baba anaambiwa ni msaada.

Kwa hiyo ulizo la kwanza kwa kampuni ya vijana ni juu ya mashini na ukaushaji, mbele ya kuuliza moyo wao. Mashini yao ni ya namna gani: ile ya chuma inayosugua mpaka kuvunja, ao ile ya rola za mpira inayotoa ganda bila kuponda? Wanapima unyevu? Mpunga wa kukoboa ao wa kuweka depo unatakiwa kuwa na unyevu wa karibu 14 kwa mia. Ukiupita unaoza na kuwa na harufu. Ukikauka kwa nguvu juani, kisha ukashikwa na umande usiku, punje inapasuka ndani na mashini inamaliza kuivunja. Mnajua wenyewe ginsi wengi wanaanika pembeni ya barabara ya Bukavu, chini kabisa, magari yakipita. Kama kampuni inaleta mahema ya kuanikia, inafundisha kugeuza mpunga kila mara, na inalipa bei ya juu kidogo kwa mpunga safi, hapo faida yake inatoka katika kazi, haitoki katika mfuko wenu. Na pumba? Muulize pia pumba inaenda wapi. Pumba ni chakula cha nguruwe, cha kuku, hata cha samaki. Kuna mahali mkulima anaachia pumba kwa mwenye mashini bila kuhesabu, na huyo anaiuzisha.

Tuangalie kidogo wengine walifanya namna gani. Wa karibu kwetu ni vijana wa Kalambo, kule upande wa Bukavu, walioanza chini ya kituo cha utafiti cha IITA. Mpango ule wa vijana ulizaliwa Ibadan, Nigeria, mwaka 2012, kisha ukafika Kalambo. Wameshika unga wa muhogo, mikate, maziwa ya soya. IITA si shirika la hisani la vijana, ni watafiti, lakini wazo ni jirani: kijana aliyesoma anajifunza biashara kwa kufanya biashara.

Mfano tunaoupenda zaidi ni Songhaï, Porto-Novo, Benin. Ulianzishwa mwaka 1985 na padri Mdominiko, Godfrey Nzamujo, pamoja na vijana wachache, kwenye kipande kidogo cha ardhi ambacho serikali iliwapa. Pale kulima, kufuga, samaki na kiwanda vinashikana: mabaki ya huyu ni chakula cha yule, hata funza wanafugwa juu ya uchafu ili kulisha samaki. Mazao yanageuzwa palepale na kuuzishwa katika duka lao na mkahawa wao. Vijana wanakuja kusoma, na kazi ya uzalishaji inasaidia kubeba mzigo wa masomo. Tunachokipenda ni hiki: hawakungoja jirani alime ili wao wapate kwa kuuzisha. Wanalima wenyewe, kwa hiyo wanajua bei ya jasho.

Mfano mwingine hauko wa kilimo, ni wa mpira, lakini unafundisha. Nairobi, katika Mathare, mwaka 1987 Mkanada mmoja, Bob Munro, alisaidia watoto kuanzisha shirika la michezo, MYSA. Watoto walicheza ligi na kusafisha takataka za mtaa, na usafi uliwapa pointi kwenye ligi. Mwaka 1994 wakafungua klabu ya watu wazima, Mathare United, na wachezaji wake walitoka humo na walirudi kufundisha wadogo. Klabu ilichukua kombe la Kenya mwaka 1998 na 2000, na ubingwa wa ligi mwaka 2008. Lakini klabu ya namna hiyo inaomba franga nyingi kila mwezi, wafadhili wanakuja na kuondoka, na baadaye Mathare United ilipata shida kubwa za mali mpaka kushuka daraja. Kazi ya watoto mtaani na biashara ya juu zikitenganishwa vizuri, moja ikianguka nyingine inabaki imesimama.

London haikuwa hivyo. Mpishi Jamie Oliver alifungua mkahawa Fifteen mwaka 2002 ili kufundisha upishi vijana wasio na kazi. Watu walisifu sana. Mei 2019 makampuni ya mikahawa yake yalianguka, na Fifteen ikafungwa pamoja nayo.

Turudi sasa kwenye deni. SARL maana yake ni kwamba mwenye kampuni anajibu kwa mtaji alioweka tu. Kampuni ya vijana ikichukua viloba 200 kwa deni na ikafilisika, hamwendi kudai gari la shirika wala ofisi ya shirika. Jina lilioandikwa mlangoni mwa gari ni la ASBL. Jina lililo chini ya kontra ni la SARL. Tumeona komite ikitia sahihi bila kuangalia hilo, kwa sababu mgeni alikuwa na shati la shirika wanalolijua. Someni nani anatia sahihi. Muombe namba ya RCCM, ni kusema namba ya rejista ya biashara, na namba ya kodi. Kampuni ya kweli inazo katika faktire zake, haitachukia. Kama wanataka deni kwa sababu ya heshima ya shirika, basi shirika lenyewe liandike barua ya kusimamia deni lile. Wakikataa, wamewapa jibu: hata wao hawaamini kampuni yao ya kutosha. Muwape sehemu tu, wakilipa muongeze.

Na mizani iwe yenu. Hatutachoka kusema. Kiloba si kipimo. Kuna kiloba kinachoshindiliwa mpaka kinakuwa kama nguruwe mwenye mimba, na kinaitwa bado kiloba kimoja. Muandike kilo, na bei iandikwe kwa kilo katika kontra, pamoja na siku ya kulipa.

Kisha ulizo ambalo makomite yanaona haya kuuliza: mwaka uliopita faida ilikuwa ngapi, na ilienda wapi? Sheria ya OHADA inaomba kampuni ifunge hesabu zake kila mwaka, na wenye hisa wazikubali katika miezi sita inayofuata. Kwa hiyo hesabu ziko, ao zinapaswa kuwa. Kampuni inayotumia jina la vijana ili kupata bei nzuri kwenu imejifungua mlango wenyewe. Mnaweza kuuliza vijana wangapi walifundishwa, kazi gani, wangapi wametoka Lubarika. Tena muangalie nani analipwa mshahara. Kuna kampuni ambazo hazina faida hata siku moja kwa sababu mkubwa wake anaimaliza yote katika mshahara wake.

Kuna wazee katika bonde hili wanaokumbuka pamba, na wote mnaijua Sucrerie ya Kiliba iliyosimama mwaka 1996 na vita. Watu wamezoea kwamba kiwanda kinatoka kwingine na kinakwenda bila kuuliza. Labda ndiyo sababu tunapokea haraka kila anayekuja na mashini. Lakini vijana wenu wenyewe wako hapa, wengi wanaendesha pikipiki, wengine wamevuka kwenda Bujumbura. Koperative inaweza kuwaingiza. Sheria ya OHADA ya makoperative, ya tarehe 15 Desemba 2010, inaruhusu koperative ndogo ya watu watano tu. Vijana watano wanaweza kufanya koperative yao ya kukausha na kukoboa, na koperative kubwa ikawa mteja wao kwa kontra. Faida hapo inarudi kwa wanamemba kulingana na kazi ambayo kila mmoja alifanya na koperative, na sehemu inabaki katika akiba, moja yao ikiwa ya mafunzo. Kwa hiyo mafunzo ya vijana yamo tayari katika sheria yenu, bila kungoja shirika lingine.

Hatusemi mufukuze kampuni za nje. Moja ikilipa vizuri, ikipima vizuri na ikichukua vijana wa hapa kwenye mashini yake, muuzieni na muwape mahali pa kuweka depo. Kwa mavuno haya, kila komite ichague watu wawili wa kusoma kontra na mmoja wa kushika mizani. Wale ambao hawana kipimo cha unyevu watuletee mpunga kidogo ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, siku ya soko. Tutapima bila malipo, tutawaandikia matokeo kwenye karatasi, nanyi mtaweza kuonyesha karatasi ile kwa mnunuzi mbele ya kupatana bei.