Moyo wa mtoto unaposimama: kwa nini mafunzo ya dharura huanza na pumzi

Katiba ya Kenya imekabidhi serikali za kaunti huduma za ambulensi na za zimamoto. Kifungu cha 43 kinasema pia kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hata hivyo, ambulensi hubaki gari tu ikiwa aliyemo ndani amefunzwa kumwokoa mtu mzima peke yake.

Mtu mzima anapoanguka ghafla na moyo kusimama, mara nyingi hitilafu imeanzia moyoni. Damu yake bado ina hewa ya kutosha kwa dakika chache, ndiyo maana kinachohimizwa kwanza ni kumbonyeza kifua. Kwa mtoto mambo huwa kinyume. Moyo wake kwa kawaida ni mzima. Kilichotangulia ni kukosa hewa. Ametumbukia bwawani au kwenye ndoo ya maji, amepaliwa na njugu, au nimonia imemzidi nguvu. Moyo hupunguza mwendo polepole, kisha husimama. Kufikia hapo, hewa yote iliyokuwa kwenye damu imekwisha. Ukibonyeza kifua bila kumpulizia, unazungusha damu isiyobeba kitu.

Mafunzo ya ETAT+, ambayo wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari wengi nchini wamepitia, hulifundisha hili kwa kutumia wanasesere. Mhudumu huhakikisha mahali ni salama, humwita mtoto na kumgusa, kisha huita msaada. Hufungua njia ya hewa. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, uso hutazama juu moja kwa moja, maana kichwa kikirudishwa nyuma sana njia hiyo huziba. Asipopumua hupewa pumzi 5, na kila moja lazima iinue kifua. Mapigo hutafutwa kwa sekunde zisizozidi 10. Yasipopatikana, wahudumu wawili hubonyeza mara 15 na kupuliza mara 2, bila kukoma.

Kifua hubonyezwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kikizama theluthi moja ya unene wake: karibu sentimita 4 kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, 5 kwa mkubwa zaidi. Kwa mdogo, mikono humzunguka na vidole gumba viwili hubonyeza. Wengi huogopa kumvunja mbavu, hivyo hubonyeza kwa upole usiosaidia. Pumzi nazo, kwa haraka, hupulizwa kwa nguvu kupita kiasi na tumbo kujaa hewa.

Dawa pia ina hesabu yake. Adrenalini hutolewa kwa uzito, miligramu 0.01 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10 hupata miligramu 0.1, sehemu moja ya kumi ya dozi ya mtu mzima. Hesabu hiyo haifai kufanywa kichwani huku mama akilia kando, kwa hiyo utepe wa kupimia urefu wa mtoto na kadi ya dozi ni vifaa vya lazima.

Ujuzi huu husahaulika ndani ya miezi michache usipotumiwa, na kwa bahati njema wahudumu wengi hawakutani na mtoto wa aina hii mara kwa mara. Kwa maoni yetu, nusu saa ya mazoezi kila baada ya miezi michache ina faida kuliko cheti kilichoning'inizwa ukutani tangu mwaka juzi.

Mkazi aliye karibu na mtoto ndiye mhudumu wa kwanza. Piga 999, 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, na uweke simu kwenye spika ili mikono ibaki huru. Mtoto aliyezama usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo ili maji yatoke. Huko ni kupoteza muda, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Mpulizie. Akiwa wa chini ya mwaka mmoja, mdomo wako ufunike mdomo na pua yake pamoja. Ukiwa peke yako, bonyeza mara 30 kwa kila pumzi 2. Huna simu? Fanya hivyo kwa dakika moja nzima kabla ya kwenda kutafuta msaada, na mtoto mdogo mbebe uende naye.