Lugha kama Chanzo cha Mgogoro katika Filamu ya *Mandabi*

Utangulizi

Wapenzi wa filamu wanapozitaja kazi za zamani zilizodumu, aghalabu huanza na waelekezi wa Marekani, Uropa na Japani. Ousmane Sembène wa Senegali (1923–2007) anastahili kuketi katika safu iyo hiyo. Kwa mwanafunzi wa fasihi ana mvuto wa ziada, kwani alikuwa mwandishi wa riwaya kabla ya kushika kamera. Riwaya yake ya kwanza, *Le Docker noir*, ilitoka mwaka wa 1956, baada ya kufanya kazi ya kupakua shehena katika bandari ya Marseille, Ufaransa. Hata hivyo, wengi wa watu aliowaandika hawakujua kusoma Kifaransa. Ndiposa mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaenda Moscow kujifunza sanaa ya filamu. Makala haya yanashikilia kwamba ubora wa *Mandabi* (1968) unatokana hasa na uteuzi wa lugha.

Msuko

Ibrahima Dieng ni mzee wa Dakar asiye na kazi, mwenye wake wawili. Mpwa wake aliyeko Paris anamtumia hawala ya posta ya faranga 25,000. Kati ya fedha hizo, 2,000 tu ndizo zake. 3,000 ni za mama ya kijana na 20,000 ni za kuwekwa akiba. Habari zinaenea mtaani na wakopaji wanabisha hodi. Posta inadai kitambulisho. Ili kukipata, sharti awe na cheti cha kuzaliwa na picha. Naye hajui tarehe kamili aliyozaliwa. Hatimaye jamaa yake msomi anajitolea kumsaidia, anachukua fedha, kisha anadai zimeibwa.

Lugha na mamlaka

*Mandabi* ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Sembène kwa Kiwolofu. Zile zilizoitangulia, *Borom Sarret* (1963) na *La Noire de...* (1966), zilitumia Kifaransa. Kwa sababu sehemu ya ufadhili ilitoka Ufaransa, ilibidi toleo la Kifaransa pia litengenezwe. Jina lenyewe ni funzo la isimu. Neno la Kifaransa *mandat* limepewa kibainishi cha Kiwolofu *bi*, likaingizwa katika ngeli ya lugha hiyo, kama vile Kiswahili kilivyoipokea *kitabu* ya Kiarabu na kuizalia wingi wa *vitabu*. Hapa ndipo penye kinaya: lugha ya Dieng imeimeza hawala kwa urahisi, ilhali Dieng mwenyewe hawezi kuipokea.

Kisa hiki kilitangulia kuandikwa kama novela, *Le Mandat*, kwa Kifaransa. Katika novela, usemi wa Dieng na wa karani hufika kwa msomaji kwa lugha moja, hivyo msimulizi analazimika kueleza pengo lililopo kati yao. Katika filamu pengo hilo husikika. Mtazamaji wa Dakar anamwelewa Dieng moja kwa moja, kisha anakwama pamoja naye mbele ya karatasi. Aidha, barua ya mpwa haina budi kusomwa na mwandishi wa kulipwa, na siri ya ukoo inapitia kinywa cha mgeni.

Yamkini msomaji atahoji kwamba tatizo la Dieng ni ujinga wake na majivuno yake. Ni kweli kwamba Sembène hamtakasi: Dieng anapenda kula vizuri na kuwaamrisha wakeze. Lakini anayemwibia ni mtu aliyesoma. Kwa hivyo filamu haishambulii elimu wala kusifu kutojua kusoma. Inashutumu wanaoifanya lugha ya ofisi kuwa mlango wenye ufunguo mmoja.

Hitimisho

Wanafunzi wa Kiswahili wanapohakiki filamu, mara nyingi huorodhesha maudhui na kuiacha lugha nyuma kana kwamba ni chombo tu cha kubebea hadithi. *Mandabi* inaonyesha kwamba lugha yaweza kuwa kiini cha mgogoro. Swali la kwanza la mhakiki basi liwe: nani anaelewa kinachosemwa, na nani anahitaji mkalimani katika nchi yake mwenyewe? Swali hilo linafaa kuulizwa kwa kila filamu ya Kiswahili, na pia katika kila ofisi ambamo mwananchi hutia sahihi asichoweza kukisoma.