Somo la Vikundi: Gati la Zamani Libebe Mzigo Kiasi Gani?



Sisi wa Macalder tuko bara kidogo, lakini vikundi vyetu vingi vina shughuli ufuoni: omena, mchanga, mashua. Swali moja linarudi mikutanoni. Gati lipo, ni la konkriti. Kwa nini lori lisiingie mpaka ukingoni badala ya watu kubeba kwa mgongo? Mwingine anaongeza, “Limesimama tangu enzi za wakoloni, litaangukaje leo?”

Ziwani mwetu meli za reli zilitia nanga Kisumu, Kendu Bay na Homa Bay kwa miaka mingi. Gati hupangwa kwa mzigo wa siku zake. Leo sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori la ekseli mbili kufikia tani 18 pamoja na shehena, na tani 10 kati ya hizo zinaweza kukaa kwenye ekseli ya nyuma peke yake. Hiyo ruhusa ni ya barabara, si ya gati.

Tuanze na kitu tunachokijua, slabu ya choo. Konkriti ni hodari ikikandamizwa, lakini ikivutwa nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu. Ukisimama katikati ya slabu, upande wa juu unakandamizwa na wa chini unavutwa, na ndiyo sababu fundi mzuri huweka vyuma karibu na upande wa chini. Gati nalo ni slabu, imelazwa juu ya mihimili na nguzo. Tofauti ni kwamba pale juu ya nguzo slabu hupinda kinyume, kwa hivyo hapo vyuma vikuu huwekwa upande wa juu.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Mzigo ukiwa umeenea sawasawa, nafasi kati ya nguzo ikiwa mara mbili, nguvu ya kuipinda slabu inakuwa mara nne. Mawimbi yakichimba chini ya nguzo moja ya kati mpaka ikaacha kubeba, nafasi imekuwa mara mbili. Tena mahali pale palipokuwa na nguzo sasa panavutwa upande wa chini, ambako vyuma ni vichache. Gati linaweza kuendelea kusimama hivyo kwa miaka, likibeba uzito wake lenyewe na watu wachache, hadi siku ya lori.

Na vyuma vyenyewe? Konkriti nzuri huvilinda visipate kutu. Lakini hewa huingia polepole mwaka baada ya mwaka, ulinzi huo unaisha, na maji yakifika kutu inaanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hivyo inaipasua konkriti kutoka ndani. Pwani chumvi huharakisha kazi hiyo: gati la Malindi kule Zanzibar, la miaka ya 1920, lilibidi lijengwe upya miaka ya 2000. Ziwa letu halina chumvi ya bahari, ila lina tabia ya kupanda na kushuka. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2, na Mei 2020 likapita kiwango kile cha 1964. Sehemu inayolowa na kukauka ndiyo huharibika upesi, na maji yakipanda hakuna anayeona kilicho chini.

Tupige hesabu kidogo. Mifuko minne ya simiti hufunika karibu mita moja ya mraba. Ipange kumi kwenda juu: mifuko 40, kilo 2,000. Mchanga mkavu wa kimo cha mita moja ni kama tani 1.6 kwa kila mita ya mraba, na ukilowa unazidi. Watu sita wa kilo 70 wakibanana hapo kungoja mashua ni kilo 420 tu. Kwa hivyo gati kubeba umati siku ya soko si ushahidi kwamba litabeba simiti. Tena mzigo uliolundikwa katikati ya muhimili unaupinda mara mbili kuliko ukitandazwa.

Kuna wanaopiga plasta juu ya nyufa na kusema wamekarabati. Huko ni kumvika mgonjwa shati jipya. Kutu inaendelea ndani, na sasa hamuioni.

Kiwango halali cha mzigo hutolewa na mhandisi aliyepima nguzo, vyuma na konkriti. Ombeni kwa barua ofisi ya uhandisi ya kaunti. Kabla hajafika, lori libaki nchi kavu na mzigo uende kwa mkokoteni, kidogo kidogo. Ndiyo, wabebaji watalipwa. Naona waweka hazina wetu wanaiita hasara haraka mno.

Kwa mkutano ujao, wawili waende gatini maji yakiwa matulivu. Watazame kwa chini wakiwa kwenye mashua: madoa ya kutu, nyufa zinazofuata mstari wa chuma, vyuma vilivyo wazi. Wagonge kwa nyundo ndogo wasikilize panapolia kama mtungi mtupu. Wapime kwa kamba nafasi kati ya nguzo na waandike. Kisha mjadiliane: dereva akifika na haraka zake, nani kati yenu ana idhini ya kumwambia asimame?