Chambo Bandia cha Umbo la Samaki: Uchaguzi wa Ufito na Mshipi

Samaki aitwaye besi mdomo-mpana, kwa jina la kitaalamu Micropterus salmoides, asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1929 aliletwa katika Ziwa Naivasha, Kenya. Ni mwindaji wa kuvizia: hujificha kando ya majani au gogo, na windo linapopita hupanua kinywa ghafla. Kanieneo ndani ya kinywa hushuka, na maji huingia kwa kasi yakichukua windo. Kwa hiyo ukubwa wa windo awezalo kumeza hutegemea upana wa kinywa, wala si makali ya meno.

Huko California, Marekani, ambako samaki aina ya trauti walipandikizwa katika mabwawa kama Castaic, besi wakubwa waliwala trauti hao, na wavuvi wakatengeneza vyambo bandia vya umbo na ukubwa huo huo. Vingine ni vya mpira laini wenye mkia bapa kama kafi. Vingine ni vya mbao au plastiki ngumu, vilivyoungwa kwa bawaba. Chambo laini kikivutwa, mizunguko midogo ya maji huchomoka mkiani upande huu na ule kwa zamu, na mkia hutikisika. Besi huuhisi mtikisiko huo kwa mstari wa ubavu, wenye seli za hisi, hata maji yakiwa machafu. Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili kwa kuvuta ukanda wa mpira ndani ya karai.

Sasa tuje kwenye ufito. Anayeanza huvutiwa na chambo kikubwa kabisa, akakifunga kwenye ufito wowote alio nao. Lakini ufito ni wenzo. Tuchukue ufito wa mita 2 ulioshikwa mlalo. Chambo cha gramu 15 kina uzito wa niutoni 0.15 hivi, na momenti yake mkononi ni niutoni-mita 0.3. Cha gramu 90 huleta niutoni-mita 1.8, yaani mara sita. Na hapo hatujarusha bado! Wakati wa kurusha, mchapuko huongeza kani hiyo maradufu. Ufito mwembamba huvunjika, au mshipi hukatika na ndoana zikaruka ovyo. Mtu asisimame kamwe nyuma ya mrushaji.

Ufito wa dukani huandikwa uzito wa chambo unaoufaa, mara nyingi kwa aunsi. Aunsi 1 ni gramu 28.35. Ulioandikwa aunsi ½ hadi 1½ hufaa gramu 14 hadi 43, ndoana na risasi zikiwemo. Ufito wa namna hiyo, wenye urefu wa mita 2.1 hivi, mshipi unaostahimili kilo 6 au 7, na chambo laini cha sentimita 10 hadi 12 vinatosha kuanzia. Mshipi uliosukwa haunyumbuki sana, hivyo mshtuko wote huuangukia ufito. Mimi ningempa mwanafunzi wa nailoni.

Wanunuzi husahau pia kuuliza samaki anakula nini. Kamba wekundu wa maji baridi waliingizwa Naivasha mwaka 1970, na uchunguzi wa matumbo ya besi wakubwa wa huko ulionyesha kuwa walitegemea sana kamba hao. Trauti bandia wa sentimita 25 hapo ni gharama ya bure. Afadhali chambo kidogo cha rangi ya kahawia au nyekundu, kivutwe polepole karibu na tope.