Wema Wakati wa Dhiki

Ndugu Waislamu, kuwa mpole hali umeshiba na kupumzika si kazi. Mtihani ni huku kwetu Machakos, mvua zikikosekana, madumu yamepangwa safu bombani na jua lachoma. Hapo ndipo maneno makali hutoka.

Basi tumkumbuke Nabii Musa (A.S.). Sura ya 28, aya ya 23 na 24, yatueleza kuwa alifika kisimani Madyan, naye ni mkimbizi, hana kitu. Akawaona wanawake wawili wakiwazuia wanyama wao. Hakuuliza ukoo wao. Aliuliza lililowasibu, akawanyweshea, kisha ndipo akaenda kivulini kumwomba Mola wake.

Hakungoja raha ndipo atende wema. Nasi tumpishe mzee na mjamzito, awe wa dini yetu au la.

Wabillahi tawfiq.